“Mnyamazishe tu uendelee kucheza”: ushauri uliotupotezea mchezaji bora wa timu yetu

Nahodha_Mstaafu (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo naupandisha kama ulivyo.

Timu yetu ya watu watano ya gemu za mtandaoni ilikuwa na binti aliyekuwa anacheza sapoti, yaani yule anayewasaidia wenzake badala ya kuwa mshambuliaji. Sisi wanne tulikuwa na vidole vyepesi, yeye alikuwa na macho na masikio. Anasikia nyayo za adui ukutani, anahesabu nani ameshatumia uwezo wake na nani bado, anakwambia “usitoke, wawili wamezunguka” kabla hujaona chochote. Tulipanda ranki kwa sauti yake. Sasa hachezi tena. Watu wakiniuliza huwa nawaambia aliacha, na huo ni uongo. Aliondolewa, na mimi nilikuwepo.

Ilianzia kwenye mechi za kupangiwa, zile unazoingia peke yako na mfumo unakuchagulia wenzako. Akifungua mdomo tu, mechi inageuka. Kwanza “kumbe demu!”, halafu maswali ya umri na sura, halafu asipojibu, matusi. Akifa mara moja, amekufa kwa sababu ni mwanamke. Akiua wanne, kuna kaka yake anamchezea. Alipotuletea malalamiko, sote tulimpa jibu moja, tena kwa nia njema kabisa: wanyamazishe, cheza.

Akawanyamazisha. Sasa fikirini: kwenye gemu ya timu, ukimzimia mwenzako sauti unayazima matusi yake pamoja na taarifa zake. Huyo anayekutukana ndiye huyo huyo anayelinda upande wa kulia. Akaanza kufa kwa mambo ambayo zamani angeyasikia. Baadaye akazima na maiki yake mwenyewe ili asijulikane ni nani. Mtu ambaye kipaji chake chote kiko kwenye kuongea akawa anacheza bubu. Akashuka madaraja mawili ndani ya msimu mmoja, na waliomtukana wakabaki palepale na maiki zao.

Usiku mmoja tuliingia wawili, mimi na yeye, tukapangiwa watatu tusiowajua. Mmoja wao alimwanza raundi ya tatu na hakukoma mpaka mechi ilipoisha. Sitaandika aliyoyasema. Niliyasikia yote. Maiki yangu ilikuwa wazi, na nilikuwa naongea muda wote: naita mipango, nataja adui walipo, kama vile hakuna kinachoendelea. Tulibakiza ushindi mmoja kupanda daraja, na nilijiambia nikimgusa huyu jamaa atakasirika aiharibu mechi makusudi. Tulishinda. Yeye alitoka bila kuaga. Wiki iliyofuata yule jamaa alikuwa ameshafukua akaunti nyingine za binti mtandaoni na kuanza kuwaandikia ndugu wa binti. Hapo binti akafuta kila kitu.

Siku hizi nikiikumbuka mechi ile, sauti ya yule jamaa imeanza kufifia kichwani. Ninayoisikia vizuri ni yangu, ikisema “wawili kushoto, wawili kushoto”, huku mwenzangu akivuliwa utu sikioni mwangu.

Kabla hamjaniambia ni kisa kimoja: kuna watafiti waliingia kwenye gemu ya risasi ya Halo 3 wakicheza na sauti zilizorekodiwa, mara ya kike, mara ya kiume, mara kimya kabisa. Maneno yaliyorekodiwa hayakuwa na ubaya wowote. Utafiti ulichapishwa mwaka 2013, na sauti ya kike ilipata maneno mabaya mara tatu zaidi ya ile ya kiume. Mwaka 2015 ukatoka uchambuzi mwingine uliojikita kwenye mechi hizo hizo, ukaonyesha kwamba wanaume waliokuwa wakicheza vibaya ndio waliomshambulia zaidi mwenye sauti ya kike. Mimi hilo la pili ndilo lililonikaa. Anayezama ndiye anayetafuta wa kumkanyaga.

Nataka kujua ninyi mnafanya nini mkiwa mmekaa kwenye kiti nilichokaa mimi usiku ule. Wa pembeni, mwenye maiki.

Kamba_ya_Upinde

Pole mkuu, kisa kinauma. Ila niseme ukweli wangu. Gemu ya ushindani ina joto lake. Mimi natukanwa kila siku na natukana pia, mechi ikiisha nimesahau. Hata kwenye mpira wachezaji wanarushiana maneno uwanja mzima. Tukianza kumlinda kila anayeumia, tutabaki na mechi za kimya ambazo hakuna anayetaka kushinda. Mwenye uwezo ajibu kwa mchezo wake.

Nahodha_Mstaafu

Kamba, nakuelewa, na sitaki mechi za kimya. Hasira ya mchezo naijua. “Mbona umeacha nyuma wazi, mjinga wewe” ni tusi, linaudhi, lakini limeshika kitu kilichotokea. Ukilinda nyuma raundi ijayo, limekwisha. Mimi kipimo changu ni hiki: kuna kitu chochote mtu huyu angekifanya ndani ya mechi kikalizuia tusi lile? Kama jibu ni hapana, kama anatukanwa kwa jinsia, rangi, dini, lafudhi, mwili au mama yake, hapo mchezo haupo tena. Ameshawindwa.

Na huo mfano wa mpira una refa ndani yake, mwenye kadi mfukoni, anayeona na kusikia papo hapo. Una uso wa mwenzako hatua moja mbele yako. Mwanasaikolojia John Suler aliandika mwaka 2004 kuhusu namna mtandao unavyolegeza breki za mtu: hujulikani, huonekani, na unayemuumiza humwoni akiumia. Kwenye gemu ongeza kwamba baada ya nusu saa hamtakutana tena. Kila kinachomfanya mtu mzima ajizuie kimeondolewa.

Halafu hili la “mechi ikiisha nimesahau”. Tarehe 28 Desemba 2017, wachezaji wawili wa gemu ya Call of Duty nchini Marekani walizozana juu ya dau la dola 1.50. Mmoja akamtupia mwenzake anwani ya zamani, kwa kumchokoza. Mtu wa tatu, aliye mbali kabisa, akaombwa apige simu ya uongo polisi kwamba kwenye nyumba hiyo ya Wichita, Kansas, kuna mauaji na mateka. Polisi wakaizingira. Andrew Finch, miaka 28, akatoka mlangoni kuangalia kuna nini, akapigwa risasi, akafa. Hakuwa kwenye ile mechi na hakuwajua. Aliyepiga simu alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2019. Sisemi kila tusi linaishia hapo. Nasema mkondo ni mmoja, na sisi tuliomo ndani ya mechi ndio tunaouona ukiwa bado chemchemi.

Tatu_Bila

Mimi naongea kutoka upande mwingine. Nilikuwa yule jamaa.

Si yule wa kisa chako, mkuu, lakini wa aina yake. Nilifungiwa mara mbili, ya pili siku 14. Kazini watu wananipenda, nyumbani sipandishi sauti. Lakini nikipoteza mechi mbili mfululizo usiku, ya tatu naingia nikiwa tayari nimeshika fimbo, natafuta tu mgongo. Yeyote atakayekosea kwanza ndiye.

Riot, kampuni inayotengeneza gemu ya League of Legends, waliwahi kuchunguza suala hili kwenye gemu hiyo na wakakuta jambo ambalo mimi nalijua kwa kulipitia: wabaya wa kudumu ni wachache sana, na sehemu kubwa ya maneno machafu inatoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Zidisha siku mbaya za mamilioni ya watu, kila mechi inapata wake mmoja. Ndiyo maana kufukuza “wale wabaya” peke yake hakumalizi kitu.

Kilichonibadilisha ni taarifa ya adhabu iliyokuja na maneno yangu yamebandikwa, mstari kwa mstari, bila ya wengine. Sikuwa na pa kujificha. Nilizoea kuyakumbuka kama majibizano, kumbe nilikuwa naongea peke yangu dakika 30. Mmoja kati ya wale niliowatukana alikuwa ameandika maneno mawili tu mechi nzima, “samahani jamani”, nayo nayakumbuka mpaka leo.

Sasa nina sheria: nikipoteza mbili, nafunga. Sijadili na nafsi yangu. Hasira ya mechi ya tatu huwa haitokani na mechi ya tatu.

Mlinzi_wa_Lango

Nimesoma yote. Nacheza sapoti pia, ni mwanamke, niko kwenye ranki za juu kwa miaka sita.

Kaka Kamba, hilo la “ajibu kwa mchezo wake” nalisikia tangu nianze. Mtafute Geguri, mchezaji wa kike wa Korea Kusini. Mwaka 2016, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa anamchezea mhusika Zarya kwenye gemu ya Overwatch kwa shabaha kali mno, mpaka wachezaji wa kulipwa wakamtuhumu kwamba anatumia programu ya kudanganya. Ilibidi akacheze mubashara, kamera ikimulika mikono yake, ndipo dunia ikaamini. Miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kwenye ligi ya kulipwa ya Overwatch League, akiwa na timu ya Shanghai Dragons. Alijibu kwa mchezo wake, na mchezo wake ndio uliokuwa kosa lake. Ukicheza vibaya umethibitisha wanayosema, ukicheza vizuri umedanganya. Hiyo njia haina mlango.

Kaka Nahodha, na wewe nikuambie. Majuto yako nayaheshimu, lakini wengi wakisikia kisa kama hiki wanaingia mechi inayofuata na hotuba. Nimeshatetewa kwa hotuba. Jamaa wawili wanagombana dakika nzima juu yangu, kama mimi sipo, na mimi bado nina mechi ya kushinda. Mwisho nachukiwa na wote wawili kwa kuwa “chanzo cha ugomvi”.

Utetezi mzuri kuliko wote niliowahi kupata ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Mmoja alikuwa ananimwagia matusi, na huyu akasubiri anyamaze kuvuta pumzi, akasema: “Acha hizo. Sapoti, wako wangapi kushoto?” Basi. Nikamjibu, “wawili, mmoja kaumia.” Akasema, “safi, twende.” Raundi iliyofuata akauliza tena. Wa tatu naye akaanza kuniuliza. Yule mtukanaji akabaki anaongea peke yake, kisha akanyamaza, kwa sababu timu ilikuwa imeshaamua nani anasikilizwa.

Hakunitetea heshima yangu kwa maneno makubwa. Alinirudishia kazi yangu. Nataka hilo mlielewe vizuri, kwa sababu sumu hii inaanza kwa kukunyang’anya nafasi ya kuongea, na kuna mtu mmoja tu anayeweza kukurudishia wakati huohuo: mwenzako aliye na maiki.

Nahodha_Mstaafu

Dada, sina la kuongeza. Nimelisoma mara kadhaa. Sekunde tano zilikuwa zinatosha, na mimi nilikuwa na mechi nzima.

Mratibu_Mechi

Naandaa mashindano madogo ya mtandaoni na kusimamia seva ya jamii ya wachezaji, kwa hiyo nizungumzie upande wa vitendo, kwa wanaopitia hili sasa hivi.

Usimjibu kwenye chati, yaani kisanduku cha kuandikiana ndani ya gemu, hata sentensi moja ya hasira. Si kwa sababu ni dhambi. Msimamizi au mashine ikifungua rekodi inaona wawili wanatukanana, na kesi yako imepungua nusu. Hifadhi ushahidi kabla hujaripoti: picha ya skrini, klipu, namba ya mechi, muda. Jina halitoshi maana linabadilishwa kwa dakika moja. Chukua namba ya akaunti au kiungo cha wasifu. Ukiripoti chagua kipengele sahihi, kwa sababu tishio lililowekwa kwenye kapu la “mchezo mbovu” linasomwa kama mchezo mbovu. Na wale wanne wengine waripoti pia. Hapa ndipo watu wanapolala: wanadhani aliyetukanwa ameshapeleka.

Akianza kukufuata nje ya gemu, mambo ni mengine. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe yako kwanza, maana ndiyo ufunguo wa kila kitu. Tenganisha jina la gemu na jina la mitandao mingine, wengi wanafukuliwa kwa kutumia jina moja kila mahali. Funga maombi ya urafiki kwa muda. Waambie watu wa nyumbani mapema, kabla hajawafikia yeye, ili ujumbe wake ukute wanajua. Kukiwa na tishio la mwili au la anwani, nenda polisi ukiwa na faili lililopangwa kwa tarehe. Wala msimwanike hadharani mkamtumia jeshi la watu. Nimeona akaunti ya mtu asiyehusika ikishambuliwa siku mbili kwa kufanana herufi.

Kwa waandaaji wenzangu: kanuni iandikwe kabla ya mashindano, na itamke adhabu. Na chati ya watazamaji ni sehemu ya ukumbi wako. Mwaka 2016 kwenye mashindano ya DreamHack Austin, Terrence Miller, mchezaji mweusi wa gemu ya karata ya Hearthstone, alifika fainali akashika nafasi ya pili, huku chati ya matangazo ikifurika ubaguzi wa rangi kuliko wasimamizi walivyoweza kufuta. Siku ambayo ilipaswa kuwa kubwa kwake inakumbukwa kwa hilo. Tangu nisome habari hiyo sianzishi matangazo kama sina wasimamizi wa kutosha na kichujio kilichoandaliwa mapema. Nikikosa watu, chati naifunga.

Kipanya_Butu

Swali langu, haya yote si tungewaachia mashine? Call of Duty waliweka mfumo wa kusikiliza sauti, ToxMod, mwaka 2023. Gemu ya Valorant nao wana kanuni ya kurekodi maongezi tangu 2021. Kwa nini tujichoshe?

Mratibu_Mechi

Inasaidia, siikatai. Zamani tusi la sauti lilikuwa linapotea hewani, lilibaki neno lako dhidi ya lake. Lakini mashine inasikia lugha ilizofundishwa, na watukanaji wana mafumbo, wanachanganya lugha, wanageuza maneno kila mwezi. Pia inafanya kazi ukishaumizwa. Adhabu inaweza kuja baada ya siku kadhaa, na raundi ya nne inachezwa sasa.

Kinachonivutia zaidi ni mipangilio ya mwanzo. Riot waliwahi kuizima chati ya kuongea na timu pinzani, anayeitaka aiwashe mwenyewe. Watu waliendelea kuitumia karibu kama kawaida, lakini maneno mabaya yalipungua kwa takriban theluthi. Kubofya mara moja tu! Ile sekunde ya kuamua “nataka kuongea nao” ilitosha kuwapunguza waliokuwa wanabwata tu kwa sababu kisanduku kiko wazi.

Tatu_Bila

Nathibitisha. Robo tatu ya niliyoyasema nisingeyasema kama ningelazimika kubofya.

Na gemu ya Dota 2 wana alama za tabia. Zikishuka unapangiwa na walioshuka kama wewe, na unaweza kupokonywa chati na maiki. Rafiki yangu alikaa huko miezi. Anasema lililomtisha ni kuwasikia wengine na kujitambua.

Kamba_ya_Upinde

Nimekaa kimya siku mbili, narudi. Sikubaliani na kila kitu humu, bado naamini joto la mechi lina nafasi yake. Ila lile swali kwenye kisa cha dada liliniganda kichwani, nikasema nikikuta mtu anatukanwa nitalijaribu.

Jana nikamkuta. Hakuwa mwanamke, alikuwa dogo mwenye kigugumizi. Mtu akaanza kumwigiza anavyoongea, wengine wakacheka. Nikiri, wiki iliyopita ningecheka. Nikasema, “Wewe, tulia. Dogo, yuko wapi yule wa juu?” Sauti yangu ilitoka ya ajabu, kama ya mtu aliyelazimishwa. Kikapita kimya kirefu. Dogo akajibu, polepole, na alikuwa sahihi. Yule jamaa akanigeukia mimi, akanishukia mpaka mwisho wa mechi. Nikaendelea kumuuliza dogo kila raundi. Mmoja wa waliocheka akaacha kucheka, hakusema kitu kingine. Tulipoteza 13 kwa 10.

Nahodha, wewe ulimtafuta yule binti?

Nahodha_Mstaafu

Nilimwandikia jana asubuhi kupitia rafiki yake, baada ya kumuuliza kama yuko radhi kupokea. Sikumwomba arudi. Nilimwandikia kwamba usiku ule nilisikia kila neno na maiki yangu ilikuwa wazi. Hajajibu, na halazimiki kujibu.

Yule dogo, mlimaliza mechi akiwa bado anaongea?

Kamba_ya_Upinde

Mpaka raundi ya mwisho.